Pia ya Pili

Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa bado kimekwama ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima. Inspekta alikitazama kwa mbali, akakisogelea, kisha akajikuta amehamia pembeni bila kukusudia, kana kwamba kingeweza kuchomoka na kuendelea na safari yake.

"Kilianza na ngao ya chuma, afande," Sajini alisema. "Unene wa kidole gumba. Kimeipasua kama karatasi. Halafu marehemu. Halafu ukuta."

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya tatu tangu ajali, kama kweli ilikuwa ajali. Juu ya turubai sakafuni Sajini alikuwa amepanga mabaki yote: vipande mia moja na kumi na vinne, kila kimoja na namba yake. Siku tatu nyuma vilikuwa mashine moja. Ilizungusha maji yenye vumbi la chuma kwa kasi mpaka chembe nzito zijitenge na nyepesi, hata zile ndogo ambazo mtu akizivuta, mapafu hayawezi tena kuzitoa. Watu wa maabara waliiita Pia, kwa jinsi ilivyozunguka kama pia ya watoto, ila hii ilizunguka mara elfu thelathini kwa dakika. Na zilikuwa mbili, pacha. Pia ya Pili ilikuwa chumba cha jirani, nzima, imefunikwa shuka.

"Nani kaifunika ile?"

"Wenyewe. Wanasema hawataki kuiona."

Marehemu alikuwa mtafiti wa miaka thelathini na mbili. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba mkwe wake ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa maabara hiyohiyo, na hapo ndipo shauri lilipoingia mushkeli. Siku ya tukio, asubuhi, watu wawili walimsikia mzee akimfokea mkwewe hadi korido nzima ikanyamaza: "Utakufa na hilo limashine lako, na mwanangu utamwacha mjane!" Kufikia mchana yalikuwa yametimia yote mawili.

Walimkuta karakanani, amekaa mbele ya mashine ya kukerezea iliyozimwa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine juu ya kipaji cha uso. Watu wa maabara walimwita Mikroni. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni kama sabini. Yeye aligombana na watu kwa ajili ya moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Ulimtishia mkweo."

"Nilimwonya."

"'Utakufa' ni onyo?"

"Ameshakufa, mama. Uliite unavyotaka."

Inspekta alivuta stuli akakaa. "Ulimwonya kuhusu nini?"

"Sauti." Mzee aliinua kidole, kama anayemwomba mtu asikilize. "Pia ikiwa salama inaimba sauti moja, imenyooka. Ile siku kulikuwa na nyingine chini yake, inakuja, inaondoka. Mimi nilikuwa nyumbani wiki mbili, nimevunjika kidole cha mguu. Siku narudi, kitu cha kwanza nasikia ni hiyo. Nikamwambia zima. Akanijibu, Baba, kitabu kinasema mhimili unatikisika nusu mikroni tu, wewe unasikiliza, kitabu kimepima. Ndipo nikafoka."

"Nani alipima?"

"Msimamizi wa maabara. Mimi sipo, yeye ndiye aliyefungua Pia zote mbili, akabadilisha beringi, akafunga, akasaini."

Inspekta alitoa mfuko wa nailoni na kuuweka mezani. Ndani yake mlikuwa na beringi mbili, zile bangili za chuma zenye gololi ambazo mhimili huzungukia ndani yake. Zilikuwa zimepasuka na kuungua rangi ya samawati. Mzee alishusha miwani ya kipajini juu ya ile ya puani, akaugeuza mfuko taratibu. Kidole chake kikasimama.

"Hapa pamesuguliwa."

"Zimetoka kwenye mlipuko. Zimesuguliwa kila mahali."

"Hapa pamesuguliwa kwa msasa. Mwelekeo mmoja." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Beringi nikiikataa, naichora msalaba hapa. Hapahapa. Kabla sijaumia mguu nilizikataa nne."

"Ziko wapi?"

Aliinuka kwa shida, akachechemea hadi kabatini, akashusha kopo la maziwa ya unga. Alipofungua kifuniko, wote watatu waliinamisha vichwa. Beringi nne, zimelala kimya.

Mzee alizihesabu kwa macho. Mkono wake ulianza kuingia koponi.

"Usiguse!" Inspekta alilivuta kopo. "Sajini, tia kwenye mfuko. Andika saa."

"Zimo nne," mzee alisema, kama mtu aliyepotea njia ya nyumbani kwake. "Basi sijui. Basi mimi sijui."

Nje, koridoni, Sajini alinong'ona, "Babu anajichanganya."

"Au anadanganya. Kabati ni lake, ufunguo ni wake, mdomo uliotisha ni wake." Alisema hivyo, lakini alikuwa akikumbuka jinsi kidole cha mzee kilivyosimama. Mtu anayedanganya husimamisha macho. Vidole huwa vinasahau.

Profesa, mkuu wa maabara, aliwasubiri kwenye mlango wa Pia ya Pili, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Shuka lilikuwa limeondolewa. Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa kama pipa lililokatwa nusu, juu yake kifuniko kizito chenye bolti nane.

"Inspekta, nisikuchoshe kwa maneno," alisema. "Marehemu, Mungu amrehemu, alipakia vichupa bila kusawazisha uzito. Upande mmoja ukazidi. Nitakuonyesha. Tunapakia hii sawasawa, tunaipeleka elfu thelathini, utaona mshale wa kipimo cha mtikisiko umelala. Baada ya hapo utafunga jalada lako na sisi tuzike mtu wetu kwa amani."

"Hii imewahi kuendeshwa tangu ifunguliwe?"

"Bado. Lakini ni pacha wa ile. Kazi moja, mikono ileile."

Inspekta hakupenda hilo neno pacha. Nyuma ya Profesa alisimama msimamizi wa maabara, mtu wa makamo, mnene kidogo, shati limelowa kwapani ingawa chumba kilikuwa na kiyoyozi.

"Profesa," Msimamizi alisema, "tungoje tu wataalamu wa nje. Haraka ya nini?"

"Wataalamu ni sisi. Washa."

"Tumbo linanisumbua tangu jana."

"Mimi nitawasha," alisema binti aliyekuwa akipanga vichupa. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na kwa miaka miwili alikuwa amekaa meza moja na marehemu. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Yeye hakuwahi kukosea kusawazisha. Hata siku moja. Nataka afande aone mwenyewe namna alivyonifundisha."

Alipima kila kichupa mara mbili, akavipachika vikielekeana, akakaza bolti. Meza ya vitufe ilikuwa hatua mbili tu kutoka mashineni. Profesa, Sajini na Inspekta walisimama nyuma ya ngao ya chuma. Inspekta aliigonga kwa kifundo cha kidole.

"Unene gani hii?"

"Wa kutosha," Profesa alijibu.

"Kama ile iliyopasuka?"

Profesa alitazama saa yake.

Inspekta angeweza kusema hapana. Baadaye aliandika hivyo kwenye ripoti yake, kwa mkono wake, bila kujitetea. Lakini muda ule alitaka kuwatazama watu wakati mashine ikizunguka, na akanyamaza.

Pia iliamka kwa mnong'ono. Elfu tano. Ilipopita elfu nane sakafu ilitetemeka mara moja, kama lori limepita nje, ikatulia. "Hapo ndipo kwenye mtetemo," binti alisema bila kugeuka. "Kila mhimili una kasi yake unayoichukia. Tunapita upesi, hatukai." Elfu kumi na tano. Elfu ishirini. Sauti ikawa nyembamba, ikaingia kwenye meno. Elfu thelathini.

"Mnaona?" Profesa alisema.

Inspekta hakuwa akitazama mashine. Alikuwa akimtafuta Msimamizi. Dakika moja nyuma alikuwa mlangoni. Sasa mlango ulikuwa umefungwa. Aliusogelea, akachungulia kwenye kioo chake kidogo. Korido ilikuwa tupu hadi mwisho, na kule mwisho, nyuma ya nguzo ya zege, lilionekana bega moja la shati lililolowa. Mtu mzima amejibanza nyuma ya nguzo, viganja viwili masikioni.

Mtu mwenye tumbo linalosumbua huenda chooni.

Inspekta alinyoosha mkono bila kugeuka. "Sajini. Lete lile kopo."

Alizimwaga beringi nne kiganjani, zikiwa bado ndani ya mfuko. Hazikuwa na msalaba, na wala hazikuwa na alama ya kusuguliwa. Grisi yake ilikuwa safi kama asali, haijawahi kuzunguka hata mara moja. Na kila moja ilikuwa na mbonyeo mdogo pembeni, kama kitu kilichoanguka kutoka juu.

Mpya. Hizi zilizokuwa koponi ndizo mpya, zimeharibika kabla ya kufungwa. Basi zile nne alizozikataa mzee hazikuwa koponi. Mbili zilikuwa kwenye mlipuko, zimepasuka. Mbili nyingine…

Ndipo alipoisikia. Chini ya ile sauti iliyonyooka kulikuwa na nyingine. Inakuja, inaondoka.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima hiyo mashine! Ina beringi mbovu!"

Sajini alirukia swichi kuu ya ukutani.

"Usiguse!" Binti alipayuka kwa sauti ambayo hakuna aliyeitegemea kutoka kwake. "Afande, mwambie asiguse! Umeme ukikatika breki haipo. Itashuka yenyewe, polepole, itakaa kwenye elfu nane dakika nzima. Itapasuka palepale!"

Mkono wa Sajini ulibaki hewani.

"Fanya unavyojua," Inspekta alisema.

Binti alibonyeza kitufe cha breki na kukishikilia. Namba zikaanza kushuka. Elfu ishirini na tisa. Ishirini na nane na nusu.

"Kiwekee kitu, utoke."

"Hakiwekewi kitu. Nikibonyeza sana inajikwaa, nikilegeza inaachia. Lazima nifuate mshale wa mtikisiko." Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini mkono ulikuwa umetulia. "Siwezi kutazama mshale na kasi pamoja. Nahitaji mtu anisomee kasi."

Inspekta aligeuka. "Profesa, toka. Sajini, mtoe. Watu wote waondoke kwenye hii ghorofa, na yule wa nyuma ya nguzo umtie pingu."

"Afande, wewe je?"

"Toka!"

Kutoka pale mlangoni hadi kwenye meza ya vitufe zilikuwa hatua nne. Hakuwahi kutembea hatua ndefu kama zile. Alisimama bega kwa bega na binti wa watu, kifua chake usawa ule ambao alikuwa ameuona ukutani asubuhi ile, akaanza kusoma.

"Ishirini na mbili. Ishirini. Kumi na nane."

Ile sauti ya chini haikuwa tena inaondoka. Ilikuwa imekuja kukaa. Kalamu iliyokuwa mezani ilianza kutembea yenyewe, ikaanguka.

"Kumi na nne. Kumi na mbili."

"Ikifika kumi niambie kwa sauti."

"Kumi!"

Binti aliegemea kitufe kwa uzito wa mwili wake. Pia ilinguruma. Bolti za kifuniko zililia, moja ikafyatuka na kupiga dari, vumbi la chokaa likawamwagikia. Meza iliruka mikononi mwao. Inspekta hakuziona tena namba vizuri, zilikuwa mbilimbili, tatutatu. Alizisoma hivyohivyo, akipiga kelele juu ya kelele. "Tisa! Nane na nusu! Nane! Nane! Nane bado!"

"Pita," binti alikuwa akisema. "Pita, pita, pita."

"Saba na nusu! Saba!"

Mngurumo ulikatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Sita. Nne. Pia ilijivuta, ikahema, ikasimama. Kimya kikawa kizito hadi wakasikia chokaa ikidondoka chembe chembe juu ya karatasi.

"Imesimama, mwanangu," Inspekta alisema. "Achia."

"Siwezi. Kidole hakitoki."

Ikabidi Inspekta akitoe yeye, kwa mikono miwili, kama kidole kilichobanwa mlangoni.

Saa saba mchana Mikroni aliifungua Pia ya Pili mbele ya mashahidi. Alizitoa beringi mbili, akaonyesha palipopita msasa, kisha akageuza upande wa ndani. Pale palikuwa na msalaba mwingine, mdogo kama mguu wa sisimizi. "Nachora pawili," alisema. "Nje kwa ajili ya watu. Ndani kwa ajili yangu." Inspekta alimwomba radhi kwa lile kopo. Mzee alitikisa kichwa tu.

Msimamizi walimkalisha kwenye ofisi yake mwenyewe, chini ya kalenda. Pingu zilikuwa mbele, ili aweze kushika glasi ya maji. Hakuishika.

"Beringi mpya zilipatwa na nini?"

"Niliangusha boksi." Alisema upesi, kama mtu anayetema kitu. "Ngazini. Zote nne. Zilikuwa zimesubiriwa miezi mitano. Profesa alishaniambia, nikiharibu kitu kingine nimekwisha hapa. Mzee hayupo. Nikakumbuka kopo lake, na ufunguo wa akiba ninao."

"Ukafuta misalaba."

"Mzee anakataa kila kitu! Mikroni tatu, afande. Nani anaona mikroni tatu?"

"Ulipopima baada ya kufunga, ilisoma ngapi?"

Msimamizi alifuta jasho kwa bega.

"Ulipima?"

"Sikupima. Niliandika."

"Nusu mikroni."

"Nusu mikroni."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari. Nje mtu alikuwa akifagia chokaa. "Na zile zilizoanguka ukazitia koponi. Lini?"

"Jioni ya… jioni ileile ya ajali. Nilijua mtaulizia kopo."

"Basi jioni ileile ulijua kilichomuua."

"Nilihisi. Sikujua."

"Leo asubuhi ulimwacha binti wa watu asimame hatua mbili kutoka kwenye beringi zilezile. Ungesema neno moja tu. Usingehitaji kukiri. Ungesema tu, 'msiwashe.'"

"Nilisema tungoje wataalamu. Na nilidhani itahimili."

"Ulidhani itahimili," Inspekta alirudia, akiandika. "Kwa nini basi ulikuwa nyuma ya nguzo?"

Msimamizi alitazama mikono yake. Alianza kulia, kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti. Sajini, ambaye kwa kawaida huwa na utani wa kila hali, aligeukia dirisha.

Kulikuwa kumebaki jambo moja ambalo halikuwa kazi ya polisi. Mikroni aliomba lifti. Tangu siku ya tukio binti yake hakuwa amemfungulia mlango. Maneno ya korido yalikuwa yamemfikia kabla ya maiti. Njiani mzee alishika kofia yake magotini hadi gari liliposimama mbele ya nyumba ndogo yenye baraza ya saruji. Jua lilikuwa bado kali. Nguo za mwanamume zilikuwa zimeanikwa kambani, zimekauka tangu juzi, hakuna aliyezianua.

Mjane alifungua nusu, mkono mmoja juu ya tumbo. Hakumwamkia baba yake. Alimtazama Inspekta.

"Tumemkamata msimamizi wa maabara," Inspekta alisema. "Amekiri. Baba yako hakumdhuru mumeo. Alikuwa akijaribu kumzuia."

Mjane alimgeukia mzee. "Kweli, Baba?"

Inspekta alitegemea mzee aseme ndiyo, na shauri liishe hapo. Mikroni alivua miwani zote mbili.

"Ni kweli na si kweli," alisema. "Zile beringi nilizikataa mimi. Kitu kibovu unakivunja kwa nyundo, unakitupa. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha wengine. Mimi nikaziweka koponi. Nikasema bado zinang'aa, nitamtengenezea mjukuu kigari cha kuchezea, magurudumu yazunguke vizuri." Aliifuta miwani kwa kofia. "Ningezivunja, mwanangu, wasingekuwa na cha kufunga."

Mjane alizitazama nguo za kambani. Inspekta akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye gari, polepole, asisikike. Ndipo mjane alipoinama kwa shida, kwa sababu ya tumbo, akaviokota viatu vya mumewe vilivyokuwa vimezuia mlango usifunguke wote. Akavisogeza ukutani, akavipanga sawa.

"Mguu wako, Baba," alisema. "Usisimame juani na mguu huo."